Mtetemo wa Landrova ya Igawilo

Igawilo, Mbeya
14 Machi 1976

Dada yangu mpenzi Tusekile,

Ugonile, umelala salama? Sisi huku tumeamka salama, isipokuwa mafua ya masika ambayo yamemzungukia kila mtu nyumbani na sasa zamu imenifikia mimi. Mama Gideoni anakusalimu sana. Anasema viazi vya mwaka huu ni vikubwa, na angekuletea gunia kama Iringa ingekuwa hapo ng'ambo ya mto. Mwanetu Gideoni bado yuko Mlimba na kazi yake ya reli. Tunamwona kwa nadra, anakuja amechoka, analala, anaondoka. Mke wake ni mjamzito tena. Habari hiyo nimeipata kwa mama Gideoni, maana unajua mkwe na baba mkwe kwetu hawatazamani wala hawasemeshani. Mwaka jana walimbeba kwa machela kuteremka mlima, na mtoto hakupona. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Neno lililonishikisha kalamu ni gari. Ndiyo, dada, usicheke, nimenunua gari! Ni Landrova kuukuu ya mzungu mmoja wa kahawa kule Mbozi aliyekuwa anarudi kwao. Ina umri mkubwa kuliko ndoa nyingi za hapa kijijini, lakini injini yake ni nzima, na mimi nimejifunza kuiendesha hata mchungaji amenisifu.

Lakini ina mtetemo. Nikitoka peke yangu inatembea kwa utulivu kabisa. Siku ninayowapeleka watu wa nyumbani mwangu kliniki, tukianza tu kupanda kilima, inatetemeka yote kama mtu mwenye homa ya malaria. Milango inalia, kiti kinawasha makalio, hata meno yanagongana. Nimeipeleka kwa mafundi mjini, mmoja baada ya mwingine. Ikifika kwao inanyamaza! Wanaiendesha mpaka Mwanjelwa na kurudi, wananiambia, "Mzee, gari lako zima." Fundi wa mwisho aliniangalia kwa huruma, akaniuliza kama huwa nalala vizuri.

Dada, marehemu shemeji Joachim aliishi na malori maisha yake yote, nawe ulikaa pembeni yake safari ngapi! Angesema nini yeye?

Ni mimi mdogo wako,
Sedekia


Mlandege, Iringa
4 Aprili 1976

Mdogo wangu Sedekia,

Barua yako nimeipata, imefika ikiwa imelowa mvua, nikaianika juani kama mtama ndipo nikaisoma. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Binti yangu Lusia amefaulu ualimu, ameanza kufundisha shule ya Kihesa; anavaa viatu virefu na anatembea kwenye tope la masika kama korongo. Nimecheka mpaka nikamwonea huruma.

Wewe Sedekia, na gari! Wewe uliyeanguka na baiskeli ya mwalimu ukasingizia mbuzi! Nimesimama peke yangu jikoni nikapiga makofi. Hongera sana, mdogo wangu. Baba angekuwa hai angezunguka kijiji kizima akiwa amekaa mbele na kofia yake.

Sasa sikiliza. Joachim hakuwa anakisia. Gari likimsumbua alilihoji, swali moja baada ya jingine, kama hakimu. Fanya hivi. Siku likitetema, kanyaga klachi na papo hapo achia mafuta. Gari litaendelea kuserereka lenyewe. Mtetemo ukiendelea, ugonjwa uko kwenye magurudumu au kwenye propela inayoyazungusha. Ukikoma hapohapo, basi ni injini, au kitu kinachogusana na injini. Hilo la kwanza. La pili, siku nyingine pakia magunia ya viazi yenye uzito wa hao watu wako, upande nayo kilima hichohicho. Tujue kama ni mzigo.

La tatu ndilo kubwa. Joachim alikuwa haufungui mdomo wa boneti kabla hajauliza: tangu gari lilipokuwa zima mpaka lilipoanza kuumwa, nani amelifanya nini? Watu walimjibu "hakuna kitu," yeye akakaa chini, akawasha sigara, akasubiri. Mwisho walikumbuka. Basi nami nakuuliza, na ujue nimekaa chini.

Mpe mke wa Gideoni pole na hongera zangu. Mtoto huyo atafika, nina imani.

Dada yako,
Tusekile


Igawilo
2 Mei 1976

Dada mpenzi,

Salamu nyingi. Mafua yameisha, sasa ni kikohozi. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mama Gideoni amechaguliwa kuwa kiongozi wa akina mama kanisani, kwa hiyo sasa nyumbani naongozwa pia kwa idhini ya usharika.

Loo, dada, maswali yako yamenifanya nijione mwanafunzi! Nimefanya yote. Siku ya kliniki, tukipanda, gari likaanza homa yake. Nikakanyaga klachi, nikaachia mafuta. Kimya! Nikarudisha mafuta, homa ikarudi. Kwa hiyo magurudumu nimeyaondolea shitaka. Halafu Jumatano nikapakia viazi, magunia kwa magunia, mpaka springi zikalala. Nikapanda kilima kilekile. Halikutetema hata kidogo! Lilipanda likiimba.

Basi niambie, dada yangu mwenye akili, ni gari la namna gani linalobeba viazi kwa raha na kuwakataa wanadamu? Akina mama wa kanisani wameanza kunong'ona kwamba kuna mtu ametuonea kijicho. Mimi kama mzee wa kanisa nimekemea maneno hayo hadharani, lakini nakiri kwamba nililitazama gari kwa jicho baya.

Umeniuliza nimebadilisha nini. Sijabadilisha kitu. Gari liko kama lilivyotoka Mbozi.

Kuna jambo lingine. Tuliporudi kliniki, mke wa Gideoni alimwambia mama mkwe wake kwamba hatapanda gari lile tena, hata wamburute. Alishuka akiwa ameinamisha kichwa, akaenda moja kwa moja ndani. Sijui kosa langu ni nini, na siwezi kumwuliza. Gideoni ameandika kwamba mkewe aje kwako mwisho wa mwezi huu akapumzike, na ikibidi ajifungulie huko. Mpokee vizuri. Anapenda chai ya tangawizi, mama Gideoni ndiye aliyesema.

Mtu wa Tukuyu amekuja kuliangalia gari, analitaka. Nimemwambia asubiri mpaka mavuno yaishe. Kama halitabeba watu wa nyumbani mwangu, la nini kwangu? Nililinunua kwa sababu zangu mwenyewe.

Mdogo wako,
Sedekia


Mlandege, Iringa
6 Juni 1976

Sedekia,

Sisi hatujambo. Baridi ya Iringa imeanza, maji ya asubuhi yanauma vidole. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na mgeni wa kumpokea, na baadaye nilikuwa na hasira, na Joachim alinikataza kuandika barua nikiwa na hasira.

Mkwe wako alifika salama. Sedekia, umemwozesha mwanao mke kweli! Siku ya tatu tu alikaa kwenye cherehani yangu, ile ya miguu, ambayo imekuwa ikikata uzi tangu mwaka juzi. Hakuifungua. Aliizungusha polepole, akaweka kiganja juu ya meza, halafu kwenye mguu wa chuma, halafu chini ya gurudumu. Akasema, "Shangazi, skrubu hii imelegea." Akaikaza kwa kisu cha jikoni. Tangu siku hiyo inashona. Anashonea nguo za mtoto huku akiimba kwa sauti ya chini. Watu wa Mlandege wanapita kumwangalia.

Sasa tuje kwako. Nilikuuliza, nimekaa chini kabisa, umelifanya nini gari. Ukanijibu hujabadilisha kitu. Sedekia! Na ubao je?

Ndiyo, najua habari za ubao. Najua kwamba mlitaka mkwe apande gari nawe unaendesha, na heshima ikakataa, ndipo ukamwita Eliezeri fundi seremala akatengeneza ubao mzima wa kusimamisha kati ya viti vya mbele na nyuma, kutoka sakafuni mpaka juu, usimwone wala asikuone. Najua kwamba ubao huo unaufunga asubuhi ya kliniki tu, na jioni unaufungua na kuuficha ghalani. Na najua, mzee wa kanisa, kwamba kabla ya kwenda kwa mafundi wa mjini unauondoa, ili wasikucheke! Mafundi wa watu wamelizunguka gari, wamelala chini yake mgongo wazi, na ugonjwa umeuacha nyumbani umeegemea magunia ya mahindi. Ulipopanda kilima na viazi, navyo uliviwekea ubao? Viazi havina baba mkwe.

Usiniulize nimejuaje. Wewe fanya hivi. Funga ubao, kisha lala chini ya gari, upande wa kushoto, uangalie pale ubao unaposimama. Ukiwa umeegemea ubao huo, mtetemo unaanza chini, kwenye pembe ya kushoto, ndipo unapanda juu mpaka kwenye paa, na kiti kinatetema mwisho. Kuna kitu pale chini kinagusa kitu kingine.

Neno la mwisho, na hili si la kucheka. Yule anayekaa nyuma ya ubao hawezi kukuita. Anachoweza ni kugonga. Siku ile ya mwisho alishikwa na kizunguzungu, akagonga usimame. Aligonga mpaka vifundo vya mkono vikavimba, nimeviona mwenyewe. Hukusikia, kwa sababu ubao wote ulikuwa unapiga kelele. Ndiyo maana hataki kupanda. Haogopi kutikiswa. Anaogopa siku ya uchungu atagonga na hutasikia, na mwaka jana utajirudia.

Nisamehe ukali.
Tusekile


Igawilo
20 Juni 1976

Dada yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama posta, na nikalazimika kukaa kwenye ngazi. Mtu mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefundishwa.

Kweli, dada, ubao sikuuhesabu. Uliponiuliza juu ya gari nilifikiri injini, tairi, vyuma. Ubao kwangu haukuwa gari. Ulikuwa heshima. Nani anamwambia fundi habari za heshima ya nyumbani mwake?

Nikaufunga, nikajilaza chini kwenye majani, upande wa kushoto. Wala sikutafuta. Eliezeri kazi yake ni vitanda, kwa hiyo alifunga ubao kwa bolti za vitanda, zile ndefu. Moja imepita kwenye tundu la sakafu na kuning'inia kwa chini mpaka karibu na bomba la moshi. Injini ikiwa imetulia, kati yao unapitisha unyasi. Nikamwambia mama Gideoni akanyage mafuta, gari likiwa limesimama. Injini ikajivuta, bomba likanyanyuka, likaanza kuipiga ile bolti, ta-ta-ta-ta! Ubao wote ukaitika. Dada, nilipiga kelele ya furaha, mama Gideoni akadhani nimeungua, akazima gari na kukimbia huku nyuma.

Nimekata bolti, nikaweka fupi. Nimepanda kilima mara kwa mara na ubao wangu, na mama Gideoni amekaa nyuma akigonga kwa kidole kimoja tu. Nasikia kila kitu. Nasikia hata akiguna kwamba naendesha vibaya.

Sasa sikiliza. Sikuulizi ulijuaje. Lakini mimi ni mzee, si mjinga. Huko Mlandege kuna mtu ambaye, akiwa mjamzito, ana kizunguzungu na hofu, aliweza kuweka kiganja kwenye ubao na kujua ugonjwa unaanzia wapi. Mafundi wa mji mzima wa Mbeya walishindwa, nami nilishindwa. Nimekaa na ajabu hiyo wiki nzima. Mtu huyo ameishi nyumbani kwangu, amepika chakula changu, na mimi nimejua juu yake kwamba anapenda tangawizi tu. Mwambie namheshimu. Hapana, mwambie kwa jina lake, maana hata kuliandika nilikuwa naliepuka: mwambie Sekela kwamba gari lile nililinunua kwa ajili yake. Baada ya ile machela sikuweza kulala. Mwambie pia kwamba mikono yake naiomba samahani.

Mtu wa Tukuyu nimemwambia aende zake.

Kama ataona vema kurudi, njia iko wazi. Kama hataki, ajifungulie kwako, nami sitanuna. Ubao nimeubakiza. Usinigombeze kwa hilo, dada. Baba yetu aliniachia desturi hii, na sijui kuiweka chini.

Sedekia


Mlandege
11 Julai 1976

Mdogo wangu,

Hatujambo, Lusia anakusalimu, magoti yale yale.

Barua yako nilimsomea Sekela akiwa kwenye cherehani. Nilipofika pale pa machela alisimamisha mguu. Nikadhani nimemuumiza. Halafu akasema, "Shangazi, mimi nilidhani ni gari la kubebea viazi." Akacheka, akalia, akamaliza kushona pindo. Jioni alianza kufunga mzigo.

Anakuja Alhamisi ya wiki ijayo kwa basi, ameketi mbele, nimezungumza na dereva na dereva ananiogopa. Hajakuambia lolote, kwa sababu haiwezekani, lakini mimi nakwambia: amechagua mwenyewe kuja kujifungulia kwenu. Ningependa kumzuia. Nyumba yangu itakuwa kimya.

Nimefurahi mno kwamba ulijilaza chini ya gari mwenyewe. Joachim angekupa mkono, na Joachim hakuwapa mkono watu hivihivi. Juu ya ubao sisemi. Wewe ndiye baba mkwe.

Tusekile


Igawilo
15 Agosti 1976

Dada yangu Tusekile, sasa bibi Tusekile,

Ndaga fijo, asante sana! Ni mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuita watu shambani. Mama yake ni mzima pia. Gideoni amefika kutoka Mlimba, hataki kumweka mtoto chini, na mama Gideoni hataki Gideoni ambebe. Wanagombana kutwa. Nilitaka uyajue hayo kwanza, ndipo nikusimulie.

Uchungu ulianza Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, tumetoka tu kanisani. Nilifunga ubao haraka. Mama Gideoni akaingia nyuma naye. Kabla sijawasha nilisimama nyuma ya gari, nimegeuzia uso mlimani, nikasema kwa sauti, kama ninayeongea na mlima, kwamba anayetaka nisimame agonge, nitasikia.  

Tukaondoka. Gari, dada, lilikuwa tulivu mno. Nilifurahia mpaka nilipotambua maana yake. Mwanzo kelele ilinifichia mengi. Sasa nilisikia kila kitu nyuma ya ubao. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilimsikia akiuma nguo ili asipige kelele, kwa sababu mimi nipo, na mkwe halii mbele ya baba mkwe wake. Alikuwa anaumwa vile, na bado ananiheshimu!  Kabla ya Uyole akagonga, taratibu kabisa. Nikasimama hapohapo. Akapumzika kidogo, akagonga tena, nikaenda. Tulikwenda hivyo mpaka mjini. Uyole askari alinyoosha mkono, maana kwa amri ya kubana petroli Jumapili mchana magari hayaruhusiwi; akachungulia nyuma, akatupungia mkono tupite. Mtoto alizaliwa kabla sijapata mahali pa kivuli pa kuegesha.

Nilikaa nje ya hospitali. Niliwaza, mwanamke huyu amevumilia uchungu wote akiwa amefunga mdomo ili nisimsikie, na mimi naita jambo hilo heshima. Mimi nimempa nini? Nikachukua spana, nikafungua ubao palepale, watu wakipita wakiangalia. Mlinzi akaniuliza ubao utakwenda wapi. Nikamwambia kama ana kazi nao auchukue.

Siku ya kuwachukua nilikwenda na vitenge na jogoo, nikamtolea Sekela zawadi mbele ya mama Gideoni kama inavyotakiwa mtu anapomfungulia mkwe njia ya kutazamana na kusemeshana. Nikamtazama usoni. Miaka mitatu nyumbani kwangu, na sikujua kwamba ana mwanya! Nikamwambia, "Mwanangu, kaa mbele na mtoto." Mama Gideoni, mwenyekiti wa akina mama, akaenda nyuma bila neno, na hilo nalo ni la kushangaza.

Sekela alikaa mbele, kitenge kimemfunika hadi kwenye nyusi, macho yake kwa mtoto.  Nilitafuta la kumwambia, nikaishia kukwepa mashimo ya njia. Nilijisemea tusilazimishe, labda atanisemesha baada ya mwaka mmoja tena, labda miwili. Tukaanza kupanda kilima cha hapa nyumbani. Nilikuwa naona fahari jinsi gari linavyopanda, nikawa nataka aione pia, nikalisukuma tu lipande kwa gia kubwa ileile.

Ndipo akafungua mdomo. Dada, maneno ya kwanza ambayo mkwe wangu ameniambia tangu aolewe, aliyasema kwa upole, bila kuinua macho:

"Baba, injini inaumia. Rudisha gia."

Nikarudisha.

Mdogo wako,
Sedekia